Mikato miwili iliyowageuza watu 23 kuwa 64

Barua yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja, ina muhuri wa chama na sahihi mbili kwa wino wa bluu. Mwenyekiti aliitoa kwenye bahasha ya kaki, na bahasha ilikuwa imeviringishwa ndani ya kanga ili manyunyu yasiiguse. Akaiweka mezani kwangu, akaisukuma kwa kidole. Nyuma yake alisimama katibu wa chama, kijana aliyemaliza chuo mwaka uliotangulia, macho yake chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye unayesahihisha Kiingereza cha watu? Hebu soma hapo, halafu utuoneshe sisi tumedanganya wapi."

Ndiyo kazi yangu. Nahariri ripoti, tasnifu, maombi ya ruzuku na barua za vyama kama hiki. Karibu zote zimefikiriwa kwa Kiswahili zikaandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu anayetoa pesa anasoma Kiingereza. Kwa hiyo nilivuta miwani nikasoma.

Soko lao lilikuwa limeungua upande mmoja usiku. Chama kina wanachama 64, na walioteketezewa vibanda walikuwa 23. Shirika moja lilikuwa limeahidi kuwashika mkono wale 23, shilingi 300,000 kila mmoja, na likaomba barua rasmi pamoja na orodha ya majina. Muhtasari wa kikao, kwa Kiswahili, ulisema hivi: "Wafanyabiashara waliounguliwa vibanda watapewa shilingi 300,000 kila mmoja." Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuisoma sentensi hiyo akaelewa vibaya. Katibu akaitafsiri: "The traders, who lost their stalls in the fire, will each receive 300,000 shillings."

Jibu lilirudi baada ya wiki tatu. Kwa lugha ya adabu kabisa, ofisi ilisema kwamba barua inadai wafanyabiashara wote 64 wamepoteza vibanda, ilhali orodha ina majina 23, na kwamba malipo yamesimamishwa mpaka tofauti hiyo ielezwe. Ukipiga hesabu, ni tofauti ya shilingi 12,300,000. Mama huyu hakusoma adabu iliyokuwemo. Alisoma neno moja tu ambalo halikuandikwa: wezi.

Nilimwonesha kosa kwa ncha ya kalamu. Lilikuwa mikato miwili, mmoja kabla ya "who" na mwingine baada ya "fire". Kwa Kiingereza, ukiyaweka maneno hayo kati ya mikato, unamwambia msomaji: haya ni maelezo ya pembeni tu, yanawahusu wafanyabiashara wote niliokwisha kuwataja. Ukiiondoa mikato, maneno yaleyale yanageuka kuwa chujio, kwamba ni wale tu waliounguliwa, si wengine. Sentensi haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni idadi ya watu.

Mwenyekiti aliinama akaitazama ile mikato kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia katibu, bila hasira: "Sasa wewe uliiweka ya nini?"

Kijana akajibu kitu ambacho nimekuwa nikikitafakari tangu siku ile. Alisema, "Mama, nilipofika pale nilivuta pumzi."

Nadhani karibu kila aliyesoma Kiingereza katika shule zetu angeweza kutoa jibu hilo. Mimi mwenyewe, darasa la tano, nilifundishwa kwamba nukta ni kusimama na mkato ni kupumzika kidogo. Tulikuwa tukisoma kwa sauti darasa zima, na kwenye mkato tunahesabu moja kimoyomoyo, kwenye nukta tunahesabu mbili. Kwa Kiswahili kanuni hiyo haikuniangusha hata siku moja. Kwa Kiingereza imeniangusha mimi na inawaangusha wanafunzi hadi leo, na walimu wao huandika pembeni kwa kalamu nyekundu "careless", yaani mzembe. Neno hilo linaniuma, kwa sababu si kweli. Yule kijana hakuwa mzembe. Aliandika Kiingereza kwa masikio ya Kiswahili, na Kiswahili hakimdai mkato aseme ni nani na nani, kwa kuwa kazi hiyo imeshafanywa ndani ya kitenzi.

Litazame neno "waliounguliwa". Ile "o" ndogo katikati, o-rejeshi ya darasani, ndiyo chujio. Imekaa ndani ya kitenzi, haing'oki, haisahauliki, wala mpiga chapa hawezi kuidondosha kwa bahati mbaya sentensi ikaendelea kuwa nzima. Kama mwandishi angetaka kusema kwamba wote 64 wameunguliwa, asingecheza na mikato, angeunda sentensi nyingine kabisa: "Wafanyabiashara wote wameunguliwa vibanda, na kila mmoja atapewa..." Ipo mikato ambayo watu huiweka kabla ya "ambaye" na "ambao", naijua, na wakati mwingine naiweka mimi. Lakini msomaji wetu hapandi wala hashuki kwa ajili yake. Kiingereza hakina hiyo "o". Kina "who" ile ile kwa wote na kwa baadhi, na kimeuachia mkato kazi ya kutenganisha. Tunabebesha alama ya pumzi mzigo ambao kwetu hubebwa na sarufi, halafu tunashangaa inapoanguka nao.

Ile kanuni ya pumzi, kwa heshima yake, si uzushi wa walimu wetu. Ina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Karibu mwaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria kule Misri, alipendekeza vitone vitatu vya kuwasaidia wasomaji wa Kigiriki. Maandishi ya wakati huo yalishikana, neno kwa neno, bila nafasi, na msomaji alisoma kwa sauti. Kitone kiliwekwa juu, katikati au chini kulingana na urefu wa kipande na pumziko lake. Kipande kifupi kabisa kiliitwa komma, yaani kitu kilichokatwa, kutokana na kitenzi cha Kigiriki cha kukata. Nilipolijua hilo nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini, maana sisi nasi tunaiita mkato. Alama yenye mkia tunayoijua leo ilipata umbo lake kwenye kiwanda cha uchapaji cha Aldus Manutius mjini Venice miaka ya 1490, na humo humo ndimo nuktamkato ilimozaliwa.

Waingereza na Wamarekani nao waliandika kwa pumzi kwa muda mrefu. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote umo kwenye katiba ya Marekani, marekebisho ya pili, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yale ya haki ya kumiliki silaha. Yanamalizika hivi: "the right of the people to keep and bear Arms, shall not be infringed." Uangalie mkato ulioko baada ya "Arms". Unatenganisha kiima na kitenzi chake. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiandika hivyo leo, "The man who came yesterday, is my uncle," anakatwa alama. Lakini walioiandika sheria ile walikuwa watu wa kusoma kwa sauti mbele ya mkutano, na mtu akimaliza kiima kirefu namna ile lazima avute pumzi. Kisha usomaji ukahama kutoka mdomoni kwenda machoni, na mkato nao ukahama, ukaacha mapafu ukaingia kwenye sarufi. Mikato ya waandishi wale ikabaki ndani ya sheria, na mpaka karne hii mawakili na majaji wa Marekani wamekuwa wakibishana inamaanisha nini.

Kiswahili chetu bado kina mkato wa pumzi ulio hai, na uko mahali pa heshima, kwenye ushairi. Chukua mshororo kama huu:

Usiku nimetafuta, mkato ulopotea

Mizani nane upande wa ukwapi, nane upande wa utao, na mkato katikati. Kisarufi hauna kazi yoyote pale, kwa kuwa unatenganisha kitenzi na yambwa yake, jambo ambalo katika nathari lingeonekana la ajabu. Lakini uondoe uone msomaji atakavyojikwaa. Mkato huo ni wa koo na sikio. Aliyekulia kwenye mashairi ya redioni na magazetini, kama mimi, ameunywa mkato wa namna hiyo kabla hajaliona kosa la kwanza la Kiingereza chake.

Kuna kosa jingine ambalo nalisahihisha kila siku ya Mungu, na ndilo lililonifundisha kuacha kuwalaumu watu. Ni lile la kuunganisha sentensi mbili kamili kwa mkato peke yake. Mwanafunzi anaandika: "I reached the house, he was asleep, I woke him up, we left." Mwalimu wa Kiingereza anaona sentensi nne zilizogundishwa kwa mate. Mimi nasikia Kiswahili safi kabisa: "Nilifika nyumbani, nikamkuta amelala, nikamwamsha, tukaondoka." Sikiliza ile "ka". Ndiyo gundi. Inasema "kisha", inasema "na", inasema tendo hili limezaliwa na lile lililotangulia, na inayasema yote kwa silabi moja. Hadithi zetu zote zimejengwa juu yake: akaja, akakaa, akala, akaaga, akaenda zake. Mkato pale ni kituo kidogo cha basi; barabara imeshajengwa na "ka".

Sasa mtoto anapovuka kwenda Kiingereza, "ka" haivuki naye. Mkato unavuka. Anaiacha gundi upande huu anabeba alama tu, na kwa Kiingereza alama hiyo haiwezi kushika sentensi mbili zilizokamilika. Inataka "and", au "then", au nuktamkato, au nukta kabisa. Nimewahi kukaa na binti mmoja wa shahada ya pili ambaye tasnifu yake ilirudishwa mara mbili kwa kosa hili. Sikumpa kanuni. Nilimwambia aandike aya moja kwa Kiswahili, apigie mstari kila "ka", kisha kwenye Kiingereza chake ajiulize kila "ka" imekwenda wapi. Alikaa kimya kama dakika tano, kalamu mkononi. Halafu akaanza kurekebisha mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, na sikulazimika kuligusa tena kosa hilo kwenye kazi yake. Miaka yote alikuwa ameambiwa kwamba anakosea. Hakuna aliyewahi kumwambia anachokifanya.

Ningependa walimu wetu wa Kiingereza walifundishe hivi, kwa kuanzia Kiswahili ambacho mtoto anakimudu. Mwalimu mwenyewe ana "ka" na "o" kinywani mwake tangu utotoni, ila chuoni alipewa kitabu kilichoandikwa na mtu asiyezijua.

Nisije nikaeleweka kwamba mkato wa Kiswahili hauna meno. Unayo, na wakati mwingine unauma vibaya. "Mama Neema amejifungua" na "Mama, Neema amejifungua" ni habari mbili tofauti. Ya kwanza ni jirani aliyeongeza mtoto. Ya pili ni mtu anampa mama yake habari kwamba Neema, pengine binti wa nyumbani, amepata mtoto. Kwa kuwa desturi yetu ni kumwita mtu mzima kwa jina la mwanawe, majina mawili yakikaa pamoja bila mkato tayari yamekuwa mtu mmoja. Kwenye ujumbe wa simu, ambako hakuna mtu anayeweka alama, familia nzima inaweza kupeleka khanga na unga wa uji kwenye nyumba isiyo yake. Kwa hiyo mkato wa kumwita mtu huwa siuachii, kwa lugha yoyote.

Lakini hakuna mahali nimeona mkato ukigeuka pesa waziwazi kuliko kesi ya madereva wa maziwa wa jimbo la Maine, Marekani. Naijua kesi hiyo karibu kwa moyo, na huwa namsimulia kila anayeniambia kwamba alama za uandishi ni urembo.

Madereva walikuwa wa kampuni ya Oakhurst Dairy, na walifungua kesi mwaka 2014 wakidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya Maine inasema mfanyakazi akizidisha saa 40 kwa wiki, kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Ila ilikuwa na orodha ya kazi zisizohusika, na orodha hiyo, kwa Kiingereza chake, ilisomeka hivi: "The canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution of", halafu yakafuata mazao ya kilimo, nyama na samaki, na vyakula vinavyoharibika. Ugomvi wote ulikaa kwenye maneno matano ya mwisho kabla ya "of". Je, kuna kazi mbili pale, yaani kufungasha kwa ajili ya kusafirisha, na pili kusambaza? Au kuna kazi moja tu, kufungasha, iwe kwa ajili ya usafirishaji au kwa ajili ya usambazaji? Madereva hawafungashi chochote. Wanasambaza. Kama usambazaji ni kazi iliyosimama yenyewe kwenye orodha, hawana haki ya malipo. Kama umefungwa ndani ya kufungasha, wanayo.

Kuwepo kwa mkato mmoja baada ya "shipment" kungemaliza kesi kabla haijaanza. Ni ule mkato unaowekwa kabla ya "and" au "or" ya mwisho katika orodha, unaojulikana kwa jina la Oxford kwa sababu wachapaji wa chuo kikuu hicho wameushikilia kwa zaidi ya miaka 100. Magazeti mengi ya Uingereza hayautumii. Sisi nasi hatuutumii: "baba, mama na watoto", basi. Mwongozo wa waandishi wa sheria wa Maine nao uliwaambia wasiuweke.

Kampuni ilisema: kama kusambaza si kitu cha mwisho kwenye orodha, basi orodha haina "au" kabla ya kitu chake cha mwisho, na nani huandika orodha namna hiyo? Tena, kusafirisha na kusambaza ni vitu viwili, la sivyo yangekuwa maneno ya kurudia bure pale. Madereva wakajibu kwa hoja ambayo msomaji wa Kiswahili anaweza kuiona kwa macho yake. Kazi zote za orodha ile zimeandikwa kwa umbo moja, zinaishia na "ing". "Shipment" na "distribution" haziishii hivyo. Weka kwa Kiswahili: kukausha, kuuza, kuhifadhi, kufungasha kwa ajili ya usafirishaji au usambazaji. Ile "ku" iko kwenye kila kazi, kisha inakatika ghafla, na maneno mawili ya mwisho yanavaa sare moja, tofauti na ya wengine. Yaliyovaa sare moja yako timu moja. Mimi hoja hiyo ilinishinda palepale.

Mahakama ya kwanza iliipa kampuni ushindi. Tarehe 13 Machi 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaupindua. Jaji David Barron aliifungua hukumu kwa kusema kwamba ni kwa kukosekana mkato ndiyo maana kesi hii ipo. Mahakama haikusema kwamba madereva wameisoma sheria sawasawa kuliko kampuni. Ilisema sentensi ina utata, na kwamba kwa desturi ya Maine sheria ya ujira ikiwa na utata husomwa kwa faida ya mfanyakazi. Mwaka 2018 pande mbili zikakubaliana, kampuni ikalipa dola milioni 5. Na bunge la Maine lilipoirekebisha sheria halikurudisha mkato uliokosekana. Liliweka nuktamkato baina ya kazi zote na kubadilisha "distribution" kuwa "distributing". Yaani liliona kuwa pale palipokuwa na pesa za watu, mkato peke yake hauaminiki.

Kuna mkato mwingine ambao gharama yake haikuwa pesa, na unatugusa hasa sisi wa upande huu wa Afrika. Roger Casement alikuwa konseli wa Uingereza kule Kongo. Mwaka 1903 alipanda mto, akasikiliza watu wa vijijini wakieleza mpira ulivyokuwa ukivunwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mikono iliyokatwa, vijiji vilivyokimbiwa, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1904. Kwa ripoti ile dunia haikuweza tena kusema haijui. Miaka 12 baadaye mtu huyohuyo, Muairishi, alishtakiwa London kwa uhaini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Ujerumani akijaribu kuwashawishi mateka wa Kiairishi wapigane kwa ajili ya uhuru wa Ireland.

Sheria aliyoshtakiwa nayo ilikuwa ya mwaka 1351, imeandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani. Ilimtaja kuwa mhaini mtu anayeshikamana na maadui wa mfalme ndani ya milki yake, akiwapa msaada na faraja ndani ya milki, "au kwingineko". Hilo "au kwingineko" linamshika nani? Wakili wake alishikilia kwamba mhaini lazima awe ndani ya milki anapotenda, na Casement alikuwa nje. Upande wa mashtaka ulisema maneno hayo yanafika popote duniani. Ngozi ya karne ya 14 iliyoandikiwa sheria ile ilifunuliwa na majaji wakaitazama kwa macho yao kutafuta vialama vyake, alama ambazo pengine mwandishi wa mfalme aliziweka, kama yule kijana wangu, alipovuta pumzi. Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916. Tangu hapo watu husema alinyongwa kwa mkato. Sidhani kama mahakama ile, katikati ya vita, ingemwachia hata kama ngozi ingekuwa tupu. Hata hivyo, kila ninapokutana na "au" mwishoni mwa sentensi ya kisheria, huwa namkumbuka.

Nikiwa mtafsiri, nafarijika zaidi na kisa cha Kanada. Mwaka 2006 kampuni mbili za mawasiliano, Rogers na Aliant, ziligombania mkataba wa nguzo za nyaya. Mkato mmoja kabla ya "unless" uliifanya mamlaka ya mawasiliano iamue kwamba mkataba unaweza kuvunjwa wakati wowote kwa notisi ya mwaka mmoja, hata kabla miaka mitano ya mwanzo haijaisha, jambo lililogusa zaidi ya dola milioni 2 za Kanada. Mwaka uliofuata uamuzi ukageuzwa, kwa sababu maneno yale yalikuwa na nakala rasmi ya Kifaransa, na Kifaransa hakikuwa na utata ule. Lugha ya pili ilikuwa shahidi wa maana iliyokusudiwa.

Kisa hicho ndicho kilichonipa wazo siku ile mezani kwangu. Niliwaambia wasiandike barua ya kujitetea. Niliandika upya sentensi kwa Kiingereza bila kutegemea mikato: kwamba kati ya wanachama 64 wa chama, 23 ndio walioteketezewa vibanda, na hao 23 pekee, walioorodheshwa hapa chini, ndio watakaolipwa. Kisha nikamwambia katibu aambatanishe muhtasari wa Kiswahili kama ulivyo, na chini yake nikaeleza kwa mistari miwili kazi ya "waliounguliwa". Nilitaka mtu wa ofisi ile aione "o" ikiwa imekaa mahali pake tangu siku ya kikao, kabla ya mtu yeyote kufikiria Kiingereza.

Mwenyekiti aliomba aisome ile ya Kiswahili kwa sauti kabla sijaichapa. Aliisoma yote bila kusita, kidole chini ya mstari, na hakupumua mahali popote mpaka nukta.

Pesa zilitoka mwezi uliofuata. Kuhusu neno lile ambalo halikuandikwa, hakuna aliyewahi kuwaomba radhi, na nadhani ofisini hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na la kuombea.

Katibu sasa hunipigia simu. Kwanza alikuwa ananisomea barua nzima. Siku hizi ananisomea sentensi moja tu, ile inayomkera. Wiki iliyopita ilikuwa kuhusu mkopo wa majokofu. "Kaka, nimeandika 'the members who have paid their fees'. Hapa niweke mikato au nisiweke?"

Nikamuuliza, "Waliolipa ada ni wote au baadhi?"

Akanyamaza kidogo. "Ngoja," akasema, "nimuulize mwenyekiti."